Namna ya Kufungua Boneti ya Beetle Iliyogoma Bila Kukosana na Shemeji

Jambo la kwanza, na lina uzito kuliko yote yatakayofuata: usimwambie mtu. Boneti ya Corolla ikigoma, hiyo ni siri yako na fundi wako. Boneti ya Volkswagen Beetle ya mwaka 1965 ikigoma, hiyo ni shughuli ya mtaa, na mtaa utahudhuria. Atakuja mstaafu aliyewahi kuendesha gari kama hilo enzi za Mwalimu na ambaye tangu asubuhi hajapata wa kumsimulia. Atakuja kijana wa bodaboda na video kwenye simu. Kabla adhuhuri haijaadhiniwa utakuwa na kamati kamili, yenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina wa kukusanya hela ya soda, na mtu mmoja aliyefika na nyundo bila kuitwa.

Kwa hiyo funga geti. Vaa ile suruali ambayo mama watoto amekuwa akiitafutia kazi ya kudekia. Andaa tochi, bisibisi bapa ndefu, plaizi, kopo la mafuta ya kulegeza kutu, kanga kuukuu na kigoda. Kigoda si cha kazi. Ni cha kukalia wakati unalitazama gari, na kulitazama gari ndiyo sehemu kubwa ya kazi yenyewe.

Mwongozo huu ni wa Beetle kwa sababu wenye magari mengine ya kale hawajajaliwa mateso ya aina hii. Mwenye Land Rover ya Series, loki yake iko nje, mbele, mkono unaifikia. Shida yake ni kuinua boneti iliyobebeshwa tairi la spea, na hiyo ni shida ya mgongo wake, aende kwa daktari. Mwenye Mini ya zamani anapenyeza vidole pale juu ya grili, basi. Mwenye Triumph Herald ana vibanio viwili ubavuni, kushoto na kulia, vinavyoonekana hata na mtoto. Waungwana wa Wolfsburg waliotengeneza Beetle wao waliona si vyema kila mpita njia apewe mlango wa mbele wa gari, wakaweka waya. Waya mmoja tu, unaopita ndani ya mrija mwembamba kutoka miguuni kwa dereva hadi puani mwa gari. Miaka sitini baadaye, baada ya chumvi ya bahari, masika kadhaa na vumbi la Dodoma, waya huo ndio unaoamua kama Jumamosi utampeleka bibi harusi au utampigia simu kumwombea radhi.

Sasa ujue kilichofungiwa humo. Mtu wa kwanza atakayefanikiwa kupenya geti lako atasema, "Pole sana mzee, sasa injini itaangaliwaje?" Mpokee kwa upole. Injini iko nyuma, ina mlango wake, na mlango huo unafunguka kwa kidole kimoja, tena hata siku ambayo huna haja nao. Betri iko chini ya kiti cha nyuma. Maana yake ni kwamba gari lako ni zima kabisa. Linawaka, taa zinawaka, honi inalia, breki zinashika. Kilichofungiwa mbele ni tairi la spea, kichupa cha mafuta ya breki, mzigo wowote uliousahau tangu Pasaka, na tenki la petroli.

Tenki, pamoja na mdomo wake. Kiwanda kilianza kuutoa nje mdomo wa tenki, ukawekwa ubavuni mbele upande wa kulia, kuanzia modeli za mwaka 1968. Kama lako ni la kabla ya hapo, petroli inaingilia chini ya boneti na hakuna mlango wa uani. Una gari linalotembea vizuri kuelekea mahali ambapo litazima, na njiani utapita vituo vinne vya mafuta ukiwapungia mkono wahudumu.

Tenki hilo huchukua lita 40, kwa hiyo piga hesabu. Kama una geji ya mafuta, itazame mara moja tu, kuitazama mara kwa mara hakuongezi kitu. Kama Beetle lako ni la miaka ya 1950, geji hakuna kabisa. Kiwanda kilikupa kijiti cha kupimia, ambacho kinatumbukizwa tenkini, ambalo liko chini ya boneti, ambayo imegoma. Kilikupa pia kikoki chini ya dashibodi: injini ikianza kukohoa unakigeuza kwa mguu, na lita tano hivi za akiba zinafunguka. Waliobuni kikoki hiki walidhani utakitumia kufika kituo cha mafuta. Wewe utakitumia kurudi nyumbani ukae kwenye kigoda.

Hatua ya kwanza: msikilize kishikio

Kishikio cha kuvutia waya kiko ndani, chini ya dashibodi. Kwenye modeli za 1968 na kuendelea kilihamishiwa ndani ya kisanduku cha dashibodi, mahali ambapo mwizi hawezi kukifikia kama umekifunga, na wewe pia huwezi kama umepoteza ufunguo wake.

Kivute mara moja, taratibu, kisha uache. Watu wengi hukivuta mara thelathini mfululizo, kila mara kwa nguvu zaidi, kama wanaopiga simu kwa mtu asiyetaka kupokea. Waya wa miaka sitini hauna nyuzi za kuchezea. Vuta mara moja na uupe mkono wako nafasi ya kuelewa.

Kikija kigumu, hakisogei, waya umeshikwa na kutu ndani ya mrija, au ulimi wa loki umekwama kule mbele. Hiyo ni habari njema, kwa sababu waya bado upo. Kikija na kusikika "tak" ndogo kutoka puani, lakini boneti ikakaa pale pale, hiyo ni habari njema zaidi: loki inajaribu, inazuiwa na kitu kidogo. Kikija chote mkononi, laini, kikifuatiwa na kipande cha waya kama mkia wa panya, weka kipande hicho mfukoni, ingia ndani, kunywa chai. Nitakufikia baadaye.

Hapa inabidi nieleze jinsi loki yenyewe ilivyo, kwa sababu nimeona watu wazima wakiishambulia kwa shoka bila kujua wanashambulia nini. Kwenye boneti, upande wa chini, kuna pini fupi nene iliyozungushiwa springi. Kwenye bodi, chini yake, kuna bati lenye tundu, na chini ya tundu kuna ulimi unaoteleza. Ukifunga boneti, kichwa cha pini kinaingia tunduni na ulimi unakikamata shingoni. Ukivuta kishikio, waya unavuta ulimi pembeni, pini inaachiwa, na springi inairusha boneti juu kama vidole viwili vitatu. Hapo inadakwa na kulabu ya usalama, ambayo unaifungua kwa mkono kutoka nje. Hayo ndiyo yote. Hakuna umeme, hakuna kompyuta, hakuna jini. Ni ulimi na shingo ya pini.

Angalia basi springi inafanya nini wakati boneti imefungwa. Inasukuma boneti juu muda wote. Kichwa cha pini kinaukandamiza ulimi kutokea chini, usiku na mchana. Kukiwa na grisi, ulimi unateleza tu. Grisi ikishakauka na kuchanganyika na vumbi ikawa kama udongo wa kufinyangia, ulimi unabanwa na pini, na kila unapovuta kishikio unataka uteleze huku umekaliwa. Ukiongeza na mtu anayeinyanyua boneti kwa nguvu kutoka nje, ndiyo umezidi kuukalia.

Ndiyo maana wenye magari haya wakikusimulia walivyoinyanyua boneti kwa mtaimbo wakashindwa, wanasimulia ukweli mtupu. Walikuwa wanaifunga.

Hatua ya pili: kandamiza

Dawa ni kuibonyeza boneti chini, pale pale juu ya loki, huku kishikio kinavutwa. Ukibonyeza, pini inashuka kidogo, ulimi unapata nafuu, waya unauvuta, unaachia. Unabonyeza, unavuta, unaachia kubonyeza wakati bado umevuta. Mara nyingi ugonjwa unaishia hapo, na mwongozo ungekoma hapa kama binadamu angekuwa na mikono mirefu.

Lakini kishikio kiko ndani na loki iko puani. Mnatakiwa wawili. Hapo sharti langu la kwanza, la kutomwambia mtu, linavunjika, na anayepatikana nyumbani saa hizo, aliyekwisha kunywa chai yako na sasa anatafuta la kufanya, ni shemeji.

Shemeji hupenda mtaimbo. Sijui kwa nini, ila kila familia ina shemeji wa namna hiyo, na kila shemeji wa namna hiyo anajua mtaimbo umewekwa wapi nyumbani kwako kuliko wewe.

"Shem, hii kitu unaibembeleza ya nini?"

"Nimepuliza mafuta, shem. Nasubiri yaingie."

"Mafuta! Hebu lete mtaimbo hapa, dakika mbili tu tumemaliza."

Usimbishie. Ukimbishia atathibitisha. Mweleze kwa sauti ya mtu anayeshauriana naye mambo ya mahari kwamba boneti ya Beetle haina hata sehemu moja iliyonyooka. Imepinda kwenda mbele na imepinda kwenda pembeni kwa wakati mmoja, na ukishaukunja ukingo wake, fundi bodi atakayeurudisha ulivyokuwa utamtafuta Gerezani yote, na ukimpata atakuambia uache gari. Halafu mpe cheo. Mwambie kazi hii inataka mtu mzito na mwenye utulivu, na katika ukoo mzima ni yeye. Mtandikie kanga kuukuu puani mwa gari, aweke viganja viwili vilivyofunguka, juu kidogo ya mkono wa boneti, saa na pete avue. Viganja, nasisitiza. Shemeji akiambiwa "kandamiza" hufikiria makalio, na bati la Beetle likishakaliwa na mtu wa kilo tisini hubaki na kumbukumbu yake.

Kama gari lako ni la miaka ya 1950, juu ya mkono huo kuna nembo ndogo ya mji wa Wolfsburg, mbwa mwitu amesimama juu ya ngome. Hiyo ilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1960 na leo inatafutwa sana na wakusanyaji. Mwonyeshe shemeji mapema, umwambie asimguse mbwa.

Wewe ingia ndani. Sema "sasa". Anabonyeza, unavuta. Sema "achia". Anaachia polepole, wewe bado umeshika. Kama mmepishana, rudieni. Kupishana ni kawaida ya mashemeji. Mkishindwa baada ya kurudia kwa utulivu, abonyeze kwa mitikisiko midogo midogo, kama anayekanda unga wa chapati, wakati wewe umekaza waya bila kuujerki. Siku za joto, Januari na Februari hasa, raba inayozuia maji pembezoni mwa boneti huyeyuka kidogo na kujigandisha kwenye rangi. Ukisikia "tak" na boneti isipande, pitisha kadi ya plastiki chini ya ukingo taratibu, pande zote, kuiachanisha. Kadi ya zamani ya benki inafaa. Iliyo hai usiitumie, utaihitaji huko mbele.

Boneti ikiruka kwa "tak" yenye nafsi, shemeji atasema, "Si nilikuambia?" Mkubalie. Ndiyo gharama ya kazi, na ni nafuu kuliko rangi.

Hatua ya pili, marudio, mbele ya kamati

Wakati huo geti limeshafunguliwa, sijui na nani. Mstaafu amefika. Anajua kwamba magari haya yalishinda Safari Rally, na ni kweli: mwaka 1954, tena 1957, tena 1962, yakipita kwenye matope ambayo magari makubwa yalibaki humo. Hoja yake ni kwamba gari lililotoka kwenye matope ya namna hiyo haliwezi kushindwa na boneti. Hoja nzuri sana, haina tu mahali pa kuishika.

Kijana wa bodaboda ana video ya mzungu anayefungua boneti kwa kuvuta waya wa ziada aliouweka mwenyewe miaka mitatu kabla. Mwulize kama ana video ya mtu ambaye hakuuweka.

Na fundi naye amefika, kijana, amevaa ovaroli, ameita "Shikamoo mzee" kwa adabu, umeitikia marahaba, na kabla hujamaliza kuitikia macho yake yameenda kwenye soketi ya ukutani. Anatafuta pa kuchomeka grainda. Hapa lazima uwe mkali. Nitalirudia neno grainda baadaye, kwa sababu litarudi lenyewe. Kwa sasa mpime kwa kitu kimoja: fundi anayeanza kwa kuingia ndani ya gari kukigusa kishikio, mpe kiti. Fundi anayeanza kwa kuigonga boneti kwa ngumi na kusikiliza, kama anayechagua tikiti sokoni, mpe hela ya soda aende salama.

Hatua ya tatu: waya umekatikia mkononi

Sasa wewe mwenye mkia wa panya mfukoni. Utoe, uutazame ulipokatika. Kama kipande ni kifupi, kama urefu wa kidole, una bahati: umekatikia kwenye kishikio, na sehemu kubwa iliyobaki bado iko ndani ya mrija, imefungwa kule mbele kama kawaida. Fungua kishikio na bati lake. Mulika tochi mrijani. Utaona ncha ya waya imejificha ndani kidogo. Mrija wenyewe unaweza kukatwa kidogo kwa uangalifu hadi waya upate pa kushikwa. Ushike kwa plaizi ya kubana, ile inayojifunga yenyewe, kisha mwite shemeji na viganja vyake, mrudie hatua ya pili neno kwa neno. Plaizi ya kawaida itateleza, na ikiteleza itaondoka na uzi mmoja wa waya kila mara, na nyuzi zenyewe zinahesabika.

Kabla ya kuvuta, mimina mafuta ya kulegeza kutu mrijani, uache hata usiku kucha. Najua hutaacha usiku kucha. Utaacha dakika kumi na utajishawishi kuwa zimekuwa nyingi. Basi angalau toka, wende msikitini au kanisani au dukani, ila mafuta yapate faragha.

Hatua ya nne: waya umekatikia kule

Kipande kikitoka kirefu, karibu urefu wako, ujue umevuta waya wote. Umekatika au umechomoka kule mbele, mahali ambapo ulikuwa umebanwa na skrubu ndogo kwenye ulimi. Skrubu hiyo hulegea. Kwa nini gari zima limetegemezwa kwenye skrubu yenye ukubwa wa punje ya mchele ni swali la kuwauliza Wajerumani, lakini walitengeneza magari haya zaidi ya milioni 21, la mwisho likatoka Puebla, Mexico, mwaka 2003, na skrubu ni ile ile, kwa hiyo inaonekana hawakuulizwa kwa sauti ya kutosha.

Sasa hakuna cha kuvuta. Inabidi ulimi usukumwe moja kwa moja, kutokea nje, bila kuuona. Usianze bado. Tafuta Beetle nyingine ya modeli iliyo karibu na yako, yenye boneti inayofunguka, na mwenye nayo umwombe uitazame. Usione haya. Wenye Beetle hupenda kuombwa. Ndiyo sababu ya kuwa nayo. Fungua boneti yake, piga picha loki kutoka juu na kutoka chini, angalia ulimi unateleza kuelekea upande upi, kisha pima kwa uzi kutoka ukingo wa chini wa bati la mbele hadi kwenye ulimi, na kutoka katikati ya gari kwenda pembeni. Funga mafundo kwenye uzi. Uzi huo wenye mafundo mawili una thamani kuliko kamati yako yote, na ukirudi nyumbani nao mstaafu atakuangalia kwa macho mengine.

Lala chini mbele ya gari lako, mgongo kwenye kanga. Mulika nyuma ya bampa. Kwanza tafuta tundu lililopo: magari mengi ya umri huu yameshapita mkononi mwa mtu mwenye shida kama yako, naye alitoboa, akaziba kwa raba au kwa sabuni na kusahau. Likikosekana, itabidi utoboe wewe, tundu la kupita bisibisi, kwenye bati la mbele chini ya usawa wa loki, mahali ambapo bampa italificha. Pima mara mbili kwa uzi. Na ukumbuke nani anaishi nyuma ya bati hilo: tairi la spea limelala hapo hapo, na keekee ikipitiliza utapata matundu mawili kwa bei ya moja.

Nyuma ya tairi kuna tenki. Nimerudi kwenye grainda, kama nilivyoahidi. Fundi atakuambia tenki liko mbali, na tena petroli imeisha, kwa hiyo hamna shida. Tenki lililojaa lina petroli. Tenki lililoisha lina mvuke wa petroli, na kinachoshika moto kwa cheche moja ni mvuke. Boneti imefungwa, mvuke hauna pa kutokea, na grainda inamwaga cheche kama fataki za mwaka mpya. Hapa kejeli yangu inakaa pembeni kidogo: hakuna grainda, hakuna kuchomelea, hakuna sigara, hata ya mstaafu. Toboa kwa keekee ya mkono, gari likiwa nje penye upepo, kiti cha nyuma kimeinuliwa na betri imeshafunguliwa. Tumia ncha kali, mafuta kidogo, na mwendo wa pole. Ukisikia harufu nzito ya petroli, acha kabisa, na usiguse tena gari hilo mpaka apatikane anayejua tenki linavujia wapi.

Kwa sababu hiyo hiyo, kuna ushauri mmoja utapewa na mtu mwenye nia njema ambao nao uukatae: wa kuning'iniza dumu la petroli kule nyuma, mpira mmoja hadi kwenye karbureta, mwende hivyo hivyo harusini. Inawezekana. Nimeiona pikipiki ikitembea hivyo. Bibi harusi aliyeketi kwenye kiti cha nyuma, betri chini yake na dumu kisogoni, anastahili zawadi nyingine.

Ukishatoboa, ingiza bisibisi, hesabu kwa fundo la uzi, tafuta ulimi kwa kugusa. Utagusa vitu vingi visivyo ulimi. Ukiupata utajua, kwa sababu una springi: unasukumika kidogo na unarudi. Shemeji aweke viganja. Sukuma kuelekea upande ulioupiga picha. "Sasa." "Achia." Tak.

Baada ya kufunguka

Usifunge. Watu wote watakuwa wamejikusanya puani mwa gari wakishangilia, na katika kila umati wa namna hii kuna mkono mmoja usio na mwenyewe ambao hushika boneti na kuibamiza chini "tuone kama imepona". Weka kipande cha mbao katikati na umsimamishe shemeji alinde. Sasa ana cheo na uzoefu.

Futa grisi ya kale kwa petroli kidogo na kitambaa, utashangaa rangi yake. Weka mpya kwenye ulimi na kwenye shingo ya pini. Waya mpya upitishe mrijani ukiwa umepakwa mafuta, uubane kwa ile skrubu ya punje ya mchele, na ukishamaliza uibane tena. Pini yenyewe ina nati na inaweza kurefushwa au kufupishwa: ikiwa fupi mno boneti haikamati, ikiwa ndefu mno haiachii vizuri, na kazi ya kuipata kati kwa kati ni ya bisibisi na robo mzunguko, robo mzunguko. Kisha jaribu loki boneti ikiwa bado wazi. Chukua bisibisi, uisukume tunduni kama vile ndiyo pini, hadi ulimi uikamate. Nenda ndani, vuta kishikio. Ikiachiwa, rudia. Ikiachiwa kila mara, bila mtu kubonyeza chochote, hapo ndipo boneti inaruhusiwa kushuka.

Kabla ya hapo lakini, weka waya wa akiba. Waya mwembamba mgumu uliofungwa kwenye ulimi, ukapita njia yako ya siri hadi mahali utakapopachagua. Usiseme ni wapi. Usimwambie fundi, usimwambie kijana wa bodaboda, na shemeji mwambie upo, ila si ulipo. Halafu ziba tundu ulilotoboa kwa kizibo cha raba, maji yasiingie, na utazame mafuta ya breki maadam uko humo, kwa kuwa hakuna aliyeyatazama tangu boneti igome. Ligonge pia tairi la spea kwa ngumi. Karibu hakika halina upepo.

Kisha nenda kituoni ukajaze, maana ulipofikia sasa hata akiba haipo. Mhudumu wa pampu atakuwa kijana aliyezaliwa baada ya kiwanda cha Puebla kufunga hesabu ya Beetle. Atalizunguka gari upande wa kushoto, atalizunguka upande wa kulia, atainama nyuma kwenye injini, kisha atakuja dirishani. "Shikamoo mzee. Samahani, tunawekea wapi?" Mwambie asogee mbele kidogo, vuta kishikio, mwache aone. Akikuomba umwonyeshe na injini, mwambie aje nyumbani kwako Jumapili; nyuma yenu kuna daladala tatu zinapiga honi.